Maswali na Majibu: Mikunga wa Mto Pangani na Mitambo ya Umeme

Masika haya maswali mengi yaliyoletwa kutoka Korogwe, Hale na Pangani mjini yanahusu samaki na mitambo ya kufua umeme.

Samaki akiingia kwenye mtambo, anatoka mzima? (Mvuvi, Pangani mjini)

Inategemea samaki na mtambo, kaka yangu. Kituo cha Maporomoko ya Pangani, chenye megawati 68, kina mashine mbili aina ya Francis, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na maji, na maji hushuka zaidi ya mita 150 kabla ya kuzifikia. Gurudumu la mashine hizo huzunguka kwa kasi na nafasi kati ya panga na panga ni finyu. Mkunga, yule samaki mwenye umbo la nyoka, ni mrefu, na urefu ndio unaomponza: kadiri samaki anavyokuwa mrefu ndivyo panga linavyompata kwa urahisi.

Perege ni mfupi, anaweza kupenya, lakini ana balaa lake. Kibofu chake cha hewa hakina mrija wa kutolea hewa upesi. Kila mita 10 za kina humwongezea presha sawa na ile ya hewa tunayovuta hapa juu. Akishavuka mapanga, presha yote hiyo huporomoka kufumba na kufumbua. Kibofu huvimba, pengine hupasuka, na macho humtoka. Mkunga ana mrija huo, kwa hiyo kwake hatari kubwa ni panga.

Kwani umeme wenyewe haumpigi samaki? (Mwanafunzi, Muheza)

Hapana. Maji huzungusha gurudumu tu, jenereta iko pakavu.

Si waweke wavu yaishe? (Mama lishe, Hale)

Mama, nondo huwekwa mlangoni pa maji kwenye mitambo mingi, ila kazi yake ni kuzuia magogo. Za kumzuia mkunga zinatakiwa zisogeleane, nafasi ya milimita 15 hivi, zilazwe mshazari, na mwisho wake pawe na mfereji wa kumpeleka mtoni, upande wa chini wa bwawa. Mfereji ukikosekana, samaki hubanwa na maji kwenye nondo hadi afe, na hapo tumebadilisha kifo tu. Majani ya masika nayo huziba, kwa hiyo pawe na mashine ya kuzisafisha. Umeme utapungua kidogo. Kwangu hiyo ni gharama inayovumilika.

Nimesikia kuna mitambo isiyoua samaki. Kwa nini tusiinunue? (Fundi umeme, Tanga mjini)

Ipo. Kwenye bwawa la Bonneville, mto Columbia huko Marekani, walifunga mashine za Kaplan, zenye mapanga kama ya feni, zilizozibwa mianya kwenye ncha na mashina ya mapanga, kule samaki walikokuwa wakinasa. Mtambo wa Alden una mapanga matatu tu na huzunguka polepole. Kampuni ya Natel inatengeneza mapanga yenye ukingo mnene uliolala, na mikunga waliojaribiwa humo walitoka hai. Wataalamu hupitisha pia kifaa kidogo chenye vihisi kinachorekodi presha na mapigo njiani.

Tatizo ni kwamba mitambo hii inafaa mabwawa mafupi. Kwa mita 150, fedha ningeipeleka kwanza mlangoni pa maji, halafu kwenye ratiba. Mikunga wakubwa hushuka baharini usiku wa giza, mvua ikinyesha na mto ukijaa. Saa hizo mashine zipumzishwe. Zamani hilo lingekuwa gumu, lakini sasa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115; gridi haitayumba kwa kukosa 68 za Pangani saa chache za usiku.

Na watoto wa mkunga, wanapandaje? (Mkulima, Korogwe)

Huzaliwa Bahari ya Hindi, wakaja juu wakiwa wembamba kama uzi. Hupanda hata ukuta uliolowa. Kinachohitajika ni mteremko uliotandikwa brashi za nailoni na kutiririshiwa maji kidogo, si kitu cha gharama kubwa. Bwawa la kwanza wanalolikuta ni la Maporomoko, Hale liko juu yake, kwa hiyo kuanzia Hale ni kazi bure. Na mteremko usijengwe kabla njia ya kushukia haijakuwa tayari, la sivyo tutakuwa tunawapandisha wakue, kisha tuwaue wakirudi kuzaa.