Hunuki samaki

Samaki walipopungua kiwandani, kwanza zilikatwa zamu, halafu wakakatwa watu. Nilikuwa mkata minofu ya sangara kwa miaka 9, na jina langu lilikuwa kwenye karatasi ya pili iliyobandikwa getini. Mke wangu sikumwambia. Kesho yake niliamka saa 11 alfajiri kama siku zote, nikachukua mfuko wenye gambuti nyeupe na aproni, nikaaga, nikatoka. Sikuwa na pa kwenda. Kutumia nauli ya daladala niliona dhambi, basi nikatembea.

Nayasema haya mapema usije ukadhani anayekushauri kutembea asubuhi ukiomba ni mtu wa mazoezi, au mcha Mungu wa kupigiwa mfano. Nilikuwa mwongo asiye na nauli.

Njia yangu ilikuwa ile ile kila siku. Kutoka Kirumba, hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, nikipitia soko la samaki la Mwaloni dagaa wakishushwa, nikishika barabara ya Makongoro kuelekea mjini, mpaka Kamanga penye kivuko, pale unapoliona Jiwe la Bismarck limesimama majini kama mtu aliyesahau alichofuata. Siku nyingine nilifika Capri Point, nikakaa juu ya mwamba hadi jua likaanza kuuma. Kisha narudi taratibu, nikihesabu saa ili nifike nyumbani muda wa kutoka zamu.

Mtu anayetembea bila kazi kichwa hakimkai. Wiki ya kwanza nilihesabu madeni. Wiki ya pili nilichoka kuhesabu, ikanijia Zaburi ya 121, ambayo kwetu husomwa mtu akisafiri, mtu akifiwa, hata mtu akifungua duka. Nimeisikia tangu utotoni nikiwa nimekaa kwenye benchi, na pengine ndiyo sababu sikuwahi kuielewa. Kwenye Biblia juu yake pameandikwa kuwa ni wimbo wa kupanda mlima. Ziko 15 za namna hiyo, kuanzia ya 120 hadi ya 134, na wengi wanaamini ziliimbwa na watu waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu, wengi wao kwa miguu. Ukiijua hiyo habari, maneno yanabadilika. Mguu usiosogezwa, uvuli upande wa kuume, jua la mchana, kutoka na kuingia. Huo ni wimbo wa mtu mwenye vumbi miguuni.

Sisi wa Mwanza tuna bahati nyingine. Anaposema atainua macho aitazame milima, huku huhitaji kufumba macho ili uione. Inua kichwa mjini uone Bugando na hospitali yake juu, uone Isamilo, uone Mabatini na Igogo, nyumba zimejibana katikati ya mawe mpaka unajiuliza mafundi walipandishaje matofali. Zaburi ya 104 inasema magenge ni kimbilio la wibari. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba wibari ni hawa hawa pimbi wetu wanaoota jua juu ya miamba. Na sisi tumejenga kama wao.

Ila mstari ulionikaa ni huu: "Asisinzie akulindaye." Nikuambie kweli, haukunifariji. Ulinitia hofu. Sisi tumelelewa na "Mungu anakuona" ya kutukataza kudokoa sukari kabatini. Mtu aliyebeba gambuti safi kwenda kusikojulikana, habari ya kwamba yuko Mmoja asiyelala anamtazama, si habari njema.

Kilichonigeuza kidogo ni Hajiri, yule kijakazi wa Sarai aliyekimbilia jangwani akiwa na mimba, katika Mwanzo sura ya 16. Malaika anamkuta kwenye chemchemi, anamuuliza: unatoka wapi, nawe unakwenda wapi? Nilikuwa nimekaa Kamanga, kivuko kinapakia magari, nikajiuliza swali hilo hilo nikakosa jibu la sehemu zote mbili. Hajiri alijibu nusu tu. Alisema anakotoka, anakokwenda hakusema, kwa sababu alikuwa hakujui. Na bado ni yeye aliyempa Mungu jina la Mungu anayeona. Hakulipata hekaluni. Alilipata njiani, akiwa mtoro.

Jumatatu ya wiki ya tatu nilirudi nyumbani, nikaweka mfuko pembeni, mke wangu akanitengea maji ya kunawa. Akasema bila kuniangalia, "Baba watoto, tangu Jumatano ile hunuki samaki."

Anayefanya kazi ya minofu harufu haimtoki hata aoge mara ngapi. Inakaa kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye shuka. Kumbe alijua tangu siku ya tatu. Na siku zote hizo aliendelea kunifungia viazi viwili kwenye mfuko asubuhi. Nilipomuuliza mbona alinyamaza, alisema alikuwa ananisubiri nifike mwenyewe. Tulilia kidogo, tukacheka kuhusu gambuti, tukala.

Sijawahi kusikia mahubiri juu ya kuangaliwa na Mungu yaliyonifikia kama viazi vile. Kulikuwa na mtu ananiona, anajua yote, hanifukuzii kona wala haniachi. Tangu hapo "asisinzie" nikaisikia kwa sauti nyingine.

Sasa nije kwenye ushauri, kwa kuwa vijana wawili kanisani waliniomba niandike namna ya "kutembea na Mungu asubuhi" kama ninavyofanya.

Chagua njia moja, usiibadilishe. Watu hupenda kubadili njia wasichoke, lakini faida iko kwenye kuchoka. Ukipita pale pale kila siku unaanza kuona: mama wa uji leo hayupo, yule mzee fundi baiskeli amevaa kandambili badala ya viatu, mtoto wa pale kwenye kona hajaenda shule. Hayo ndiyo maombi yako, hayahitaji kutungwa. Baada ya mwezi mmoja mama wa uji alianza kuniambia, "Leo umechelewa, baba." Nilikuwa nikimwombea yeye, kumbe na yeye ananihesabu.

Salimia. Nimekuta watu wengi wanaotembea kwa ajili ya kuomba wakipita wenzao kama nguzo za umeme. Hapa kwetu mzee ukimpa "mwangaluka" ya asubuhi ameshakupa nusu ya habari zake kabla hujamaliza hatua tatu. Simama usikilize, sala itakusubiri.

Spika za masikioni acha nyumbani. Hata mahubiri. Bodaboda hawatakuhurumia, na kando ya barabara zetu mtembea kwa miguu ana nafasi ya mguu mmoja tu, wa pili auweke anapojua. Dada zangu, giza la saa 11 si la kutembea peke yako. Ngoja kupambazuke au tafuta mwenzako. Mungu kukulinda si ruhusa ya kumjaribu. Na miguu ikiwaka moto usiichovye ziwani kwenye majani, hata kama mandhari inakuita, kichocho kipo.

Beba mstari mmoja tu, utembee nao wiki nzima. Mimi niliukalia "utokapo na uingiapo" kwa mwezi, nikiusema mlangoni wakati wa kutoka na mlangoni wakati wa kurudi. Kuna mistari mingine haikubali. "Wala mwezi wakati wa usiku" ulinichekesha, maana wavuvi wa dagaa hapa mwezi unawapiga kweli: mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inakaa nchi kavu, na Mwaloni panapoa. Usiku wa giza ndio wa neema, taa zinajipanga ziwani mpaka unadhani kuna mji ng'ambo. Sijui mtunga zaburi angesema nini akikaa na wavuvi wetu.

Na ukitaka ndege wa kutafakari, usitafute ndege mzuri. Yesu katika Luka 12 aliwataja kunguru. Pale Mwaloni kuna kunguru, na kuna wale korongo wakubwa wenye vipara wanaosubiri matumbo ya samaki kama wazee wa baraza. Hawapandi, hawavuni, wanaiba, na wanakula kila siku. Nilikuwa nikiwatazama kwa wivu.

Nimefika mahali pagumu, na nisingependa kulipita. Huwezi kutembea kando ya ziwa hili ukaimba kwamba mguu wako hautasogezwa bila kukumbuka. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa, na wengi wamezikwa Igoma. Mwaka 2018, Septemba 20, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara. Mle ndani walikuwemo watu walioombewa asubuhi ile ile, "utokapo na uingiapo." Mtu akikwambia Zaburi ya 121 ni kama bima, mpeleke Igoma.

Ninapopita Kamanga na kuona watu wanapanda kivuko na mabeseni yao, huwa nafikiri habari ya Marko 4. Dhoruba imekuja, chombo kinajaa maji, na Yesu amelala, kichwa juu ya mto wa kulalia, kwenye shetri, yaani nyuma ya chombo. Amelala! Yule ambaye wimbo unasema hasinzii. Wanafunzi wanamwamsha na neno ambalo nadhani ndilo sala ya kweli kuliko zote za Injili: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Na ziwa lenyewe lilikuwa Galilaya, ambalo lina kama kilomita 21 kwa urefu, siku nyeupe unaona ng'ambo. Letu ni kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Hofu yetu ina nafasi.

Ninachokiona pale ni kwamba hakuwa ufukweni akiwatazama kwa mbali. Alikuwa kwenye mtumbwi ule ule, na ungezama angelowa nao. Hilo halijibu habari ya Igoma, na sijamkuta mchungaji mwenye jibu, na waliojifanya wanalo niliwaona wanaharakisha. Lakini linanitosha kuendelea kutembea. Zipo asubuhi ambazo sala yangu yote, kutoka Kirumba hadi mjini, ni hiyo ya wanafunzi. Siibadilishi ikae vizuri. Kama na wewe umefiwa, au una mgonjwa pale juu Bugando, usilazimishe shukrani kwa sababu umesoma makala ya mtu. Mwamshe.

Kazi ya kiwandani sikuirudia. Sasa nashika mizani ya dagaa Mwaloni, kibarua cha msimu, na wiki za mbalamwezi tunakula kwa hesabu. Nanuka tena samaki, wa aina nyingine. Natembea bado, ingawa nauli ipo siku nyingi.

Jumamosi mke wangu huja nami. Ana mwendo wa haraka kuniliko, zaburi hana habari nayo njiani, na tukifika kwenye samaki anasimama kuuliza bei ya sato ambao hatutanunua. Mwanzoni nilimwambia huu ni muda wa maombi. Akanijibu yeye anaomba sato ashuke bei.