TR-808 na KPR-77: kwa nini moja inaburuta

Mdau, kama mashine zako za ngoma zimeunganishwa na Korg KPR-77 inakwenda nusu ya mwendo wa Roland TR-808 inayoiongoza, zote ni nzima. Soketi za kuzioanisha (DIN sync) zinafanana, hesabu ndiyo tofauti: Roland hutuma mapigo ya umeme 24 kwa kila noti ya robo, Korg inasubiri 48. Geuza, Korg iongoze, na katikati weka saketi ya kugawa kwa mbili. Chipu moja ya 4013 inatosha. Kuzidisha mapigo ya Roland ndiko kunakosumbua. Kwenye soketi, gawa pini ya 3 tu, inayobeba mapigo. Ya 1, ya kuanza na kusimama, na ya 2, ya ardhi, zipite moja kwa moja. Kebo za MIDI, zile za ala za kielektroniki zenye plagi kama hiyo, usiziamini: nyingi zimeungwa pini 2, 4 na 5 peke yake, plagi inaingia vizuri lakini hakuna kinacholia.