Nafasi ya gari mbele ya nyumba yangu ni haki yangu?

Swali:
Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Shekhe. Mtaani kwetu nyumba hazina gereji, kila mtu anaegesha barabarani. Jirani wa kulia ana ndoo mbili alizozijaza zege. Akitoka na gari anazipanga mbele ya nyumba yake ili mtu asiegeshe. Jirani wa kushoto ana magari matatu, na moja halijawaka huu mwezi wa nne. Wageni wao wanatuzibia geti, na Ijumaa ndiyo balaa kwa sababu msikiti uko karibu. Majuzi mume wangu alichoka, akatoa upepo tairi mbili za gari lililotuzibia. Je, sehemu iliyo mbele ya nyumba yangu ni haki yangu kisheria? Ndoo zile zina hukumu gani? Na mume wangu ana dhambi?

Jibu:
Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake.

Dada yangu, ugomvi mwingi wa maegesho unatokana na kuchanganya haki mbili: haki ya kutoka na kuingia nyumbani kwako, na haki ya kuweka gari mbele ya nyumba yako. Ya kwanza unayo kamili. Ya pili huna, na jirani yako hana, madhali barabara hiyo ni ya kupenya, yaani ina mlango huku na huku na watu wote wanaipita.

Imam Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi, katika kitabu chake Minhaj, amesema manufaa ya barabara ni kupita. Kisha akasema inajuzu kukaa humo kwa kupumzika au kwa biashara, bila hata kuomba idhini ya mtawala, kwa sharti moja: asiwabane wapitao. Gari lililoegeshwa ni kitu kilichokaa njiani, basi hukumu yake ni hiyohiyo. Limeruhusiwa kukaa maadamu njia inabaki njia. Milki yako inakomea pale hati ya nyumba inapokomea, na lami iliyo nje ya hapo ni ya umma. Atakayeitangulia kwa gari lake, bila kuvunja sheria wala kukuziba, amekutangulia kwa haki, hata kama ni mgeni asiyejua mtu mtaani. Inauma ukirudi umechoka na mizigo, lakini hajakudhulumu.

Geti ni jambo jingine kabisa. Aliyekuziba usitoke amekata njia yako, na hapo hakuna cha dakika tano wala cha kuwasha taa za dharura. Hata sheria za barabarani zinakubaliana na hili: Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unakataza kuegesha mbele ya milango ya magari kwenye majengo, na mahali ambapo gari jingine lililoegeshwa vizuri litashindwa kutoka. Mtume (S.A.W.) ameapa mara tatu kwamba hajaamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Abu Shurayh (R.A.). Mwenye mgonjwa wa kukimbizwa hospitali usiku, akakuta gari limelala mbele ya geti, anajua maana ya shari hizo.

Sasa ndoo. Huenda jirani yako anayo hoja, na hoja yake tuipe haki yake. Katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) amesema atakayesimama kutoka kikao chake kisha akarudi, yeye ndiye mwenye haki zaidi nacho. Na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema mfanyabiashara aliyezoea kukaa mahali fulani barabarani, akiondoka kwa nia ya kurudi, haki yake haikatiki mpaka kutokuwepo kwake kurefuke kiasi cha wateja wake kumhama. Lakini tazama sababu waliyoitaja: wateja wanamjua kwa mahali pale, na riziki yake imefungamana napo. Gari halina wateja. Mwenye gari anafanana na aliyekaa njiani kupumzika, na huyo wamesema haki yake inakwisha akiondoka. Hadithi ya kikao wanazuoni wameichukulia kwa anayeinuka mara moja na kurudi, mathalani kwenda kutawadha. Kwa magari, mfano wake ni mtu aliyesogeza gari lake ili mwenzake aliyebanwa atoke. Huyo akitaka kurudi palepale, yeyote aliyejipenyeza katikati amemdhulumu. Aliyekwenda kazini kutwa haingii humo.

Kwa hiyo ndoo hazijuzu. Ni kuzuia cha umma bila haki, na ni udhia njiani: usiku mtu wa baiskeli hazioni, na asiyeona kwa macho anajikwaa. Fuqaha, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu (fiqhi), wamesema kutumia njia kumeruhusiwa kwa sharti la usalama, na aliyeweka njiani kitu asichokuwa na haki ya kukiweka, kikimwumiza mtu au kuharibu mali, dhamana ni yake, yaani yeye ndiye wa kulipa. Jirani ajue kwamba goti litakalovunjika kwenye zege lile liko shingoni mwake. Je, unaweza kuziondoa? Kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, kwa hadithi ya Abu Hurayra (R.A.). Mwambie kwanza. Asiposikia, ziweke kando mlangoni pake zikiwa nzima. Usizitupe wala usizivunje, kwa sababu ndoo bado ni mali yake.

Yapo mambo mawili yanayobadilisha hukumu hii. La kwanza ni mamlaka. Manispaa ikitoa vibali vya wakazi au ikachora nafasi zenye namba, kufuata ni wajibu, maana ni maslahi ya umma na Allah ametuamrisha kuwatii wenye madaraka juu yetu (Qur'ani 4:59). Soma kibali chako vizuri: vingi vinakupa haki ya kuegesha katika mtaa, si mbele ya mlango wako. Na anayeandikisha gari la ndugu asiyekaa hapo, au anayetumia kadi ya ulemavu ya mzazi aliyekwisha kufariki, anakula haki ya watu kwa uongo.

La pili ni kichochoro kisichopenya. Hicho katika fiqhi si cha umma, ni cha wenye milango humo kwa ushirika, na mmoja wao hana ruhusa ya kujitengea chochote ila kwa ridhaa ya wenzake. Humo mnaweza kugawana nafasi kwa makubaliano, na mkishakubaliana Qur'ani inawabana: tekelezeni ahadi (5:1). Makubaliano hayo yaandikwe, yaseme nafasi ya nani, ya muda gani, na wageni waende wapi. Yanayoachwa mdomoni huvunjika siku mpangaji mpya anapohamia.

Magari matatu si haramu. Lakini anayekalia nafasi tatu wakati wenzake wanazunguka mtaa mara nne kutafuta moja, anapaswa kujiuliza kuhusu aya ya 58:11, inayoamrisha kupeana nafasi vikaoni na kuahidi kwamba Allah atampa nafasi mwenye kutoa. Lile gari bovu hukumu yake ni nzito zaidi. Ruhusa ya kukaa njiani ni ya muda na kwa haja, na gari la miezi minne lisilowaka limegeuza njia kuwa ghala. Tairi zimelala, oili inadondoka chini na kumtelezesha mwenye pikipiki, takataka zinajikusanya chini yake, na mtoto akitokea nyuma yake dereva hamwoni. Mwenyewe alitengeneze, alivute, au aliuze. Na akikaidi, kuripoti manispaa si kusengenya wala kufitini, ni kudai haki kwa mlango wake.

Kipimo cha njia tunacho kutoka kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) kwamba watu wakigombania upana wa njia, iwekwe dhiraa saba. Dhiraa ni kiwiko hadi ncha ya kidole, kama sentimita 45 hadi 50, kwa hiyo saba ni mita 3.15 hadi 3.5. Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita 2.5 bila vioo, na wazima moto wanahitaji nafasi ya kufungua milango na kuvuta mipira. Kwa hiyo ile saba inafaa hata leo. Chukueni futi kamba mpime mtaa wenu. Toeni mita 3.5 za kupita, na kila gari lihesabieni mita 2 za upana. Barabara ya mita 5.5 inabaki na mita 2: egesheni upande mmoja tu. Ya mita 7.5 inabaki na 4, pande zote mbili zinatosha. Kwa urefu, gari linaloegeshwa sambamba na njia linataka kama mita 6 ili liingie na kutoka bila kugonga. Acheni nusu mita kila upande wa geti, na msikaribie kona. Nchi nyingi zinataka angalau mita 5 kutoka makutano, Uingereza inasema 10, kwa sababu anayeingia barabarani lazima aone kinachokuja. Njia ya waenda kwa miguu msipande kabisa: kiti cha magurudumu kinahitaji karibu mita moja, na mkipanda mnamsukuma mwenye kiti katikati ya magari.

Nije kwa mumeo. Alidhulumiwa, na alichofanya bado ni kosa. Kanuni ya fiqhi inasema madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake, nayo imejengwa juu ya hadithi "hakuna kudhuru wala kudhuriana". Tena tazama kilichotokea: gari lenye tairi mbili bapa haliondoki, kwa sababu tairi ya akiba ni moja, basi geti likazibika zaidi. Mwenye gari asipoona akaondoka, rimu inakata mpira, na tairi iliyokuwa inataka upepo tu sasa inataka kununuliwa upya. Gharama ya kujaza upepo, kuvuta gari au kununua tairi ni dhamana yake. Toba yake haikamiliki kwa istighfari peke yake, maana hii ni haki ya mja: amtafute mwenye gari, amweleze, alipe au asamehewe. Akishindwa kabisa kumpata, atoe sadaka ya kiasi hicho kwa niaba yake, na akijitokeza baadaye akadai, alipwe. Njia sahihi ilikuwa kugonga milango, kupiga picha inayoonyesha namba ya gari pamoja na geti, kisha kuwaita askari wa barabarani au manispaa walivute. Mwenye kuziba ndiye angelipa.

Ama Ijumaa, inasikitisha kwamba wanaokuja kumwabudu Allah ndio wanaowafungia watu ndani. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Mu'adh bin Anas (R.A.) kwamba katika safari moja ya vita watu walibanana kambini na kukata njia, Mtume (S.A.W.) akamtuma mnadi atangaze: atakayembana mtu mahali pake au akakata njia, hana jihadi. Wale walikuwa vitani! Swala ya aliyekuziba geti ni sahihi, lakini ameibeba pamoja na dhulma. Kuacha namba ya simu kwenye dashibodi hakutoshi, kwa sababu simu imezimwa sauti na mwenyewe yuko kwenye khutba. Mwende kwa kamati ya msikiti mkiwa wawili watatu, si siku ya Ijumaa. Waombeni vijana wawili wenye vizibao vya kung'aa wasimame kwenye mageti kuanzia nusu saa kabla ya adhana, na tangazo litolewe kabla imamu hajapanda mimbari, lirudiwe baada ya swala. Na ikitokea dharura ya mgonjwa katikati ya swala, mwenye gari aitwe, na akate swala atoke. Kuokoa nafsi kunaruhusu kukata hata swala ya faradhi.

Kwa jirani wa ndoo, mwende wewe na mumeo kwa hodi na salamu, wakati ambao hamna hasira na yeye hatoki wala haingii na gari. Msianze na aya. Anzeni kwa kumwuliza anapata shida gani. Pengine ana mzee asiyeweza kutembea hatua thelathini, na huyo anastahili kuombewa manispaa nafasi rasmi ya mlemavu. Mkikuta ni hivyo, mumsaidie kujaza fomu.

Wallahu a'lam.