Riwaya ya mbwa mgonjwa: iandike, na usiukwepe unajisi

Ndugu yangu, umeuliza kama riwaya ya mtu anayempenda mbwa wake mgonjwa, kisha akamlilia, itapata wasomaji huku Malindi, ilhali wengi tumelelewa tukijua mbwa ni najisi. Itawapata. Ila huo unajisi uingize ndani ya kisa.

Mjomba wangu wa Muyeye alikuwa na mbwa wa kulinda mbuzi, jina lake Simba. Mbwa huyo akashikwa na homa ya kupe: alisusa chakula, fizi zikapauka, mwisho damu ikawa yamtoka puani. Daktari wa mifugo akaandika dawa ya doksisaiklini ya wiki nne, apewe pamoja na chakula. Na mbwa mwenyewe hataki kula! Mjomba akawa aponda dagaa kwenye uji, amfungua kinywa kwa mkono wake, ute wamchirizika hadi kiwikoni. Akimaliza huosha mkono mara saba, mojawapo kwa udongo, kama tunavyofundishwa sisi Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafii, ndipo aende kuswali. Kila siku hivyo. Neno "nampenda" halikumtoka hata mara moja.

Mimi ningeandika kuosha huko, kurasa kwa kurasa. Mhusika wako hatalala na mbwa kitandani, basi mapenzi yake tutayaona kwenye ile taabu anayoikubali. Wala dini haimzuii kumhurumia. Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni, akamnywesha mbwa mwenye kiu na Mwenyezi Mungu akamsamehe, imo katika Bukhari, kitabu cha hadithi za Mtume; wengi tuliisikia tangu chuoni. Na katika Suratul Kahf mbwa yuko na vijana wa pangoni.

Kifo chake usikiharakishe. Kuna asubuhi Simba aliinuka, akala, akawabwekea mbuzi, na mjomba akacheka mpaka shangazi akatoka jikoni. Kisha damu ikarudi. Ile asubuhi ndiyo iliyomuumiza zaidi, kuliko siku ya kufa.

Halafu hakuna matanga. Mbuzi akifa utapewa pole ya hasara. Mbwa akifa, jirani anauliza utamchukua wapi mwingine. Mjomba alimfukia peke yake, akaingia kazini, na kwa muda mrefu hakutaka kupita upande ule wa zizi. Mpe mhusika wako japo mtu mmoja wa kumwambia pole, hata kama ni mtoto.

Ukimaliza sura ya kwanza, iweke hapa. Nitaisoma.