Maswali Yenu: Rampu ipo, mbona bado hatuingii?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya majengo ya michezo ya umma na sisi watu wenye ulemavu, mana mimi mwenyewe natumia kiti mwendo na kabla ya kuumia nilikuwa nacheza netiboli karibu kila jioni. Barua zilizokuja sikuzitegemea. Siwezi kujibu zote, nimechukua zile ambazo naona wengi mtajikuta humo.

Habari dada. Mimi ni katibu wa kamati inayosimamia ukumbi wa michezo. Mwaka jana tulichangishana tukajenga rampu, ile njia ya mteremko, pale mlango mkubwa, palikuwa na ngazi tatu. Tukatangaza kabisa kwamba wenye viti mwendo karibuni. Walikuja watu wanne, wakaja siku moja tu, hawajarudi tena. Wenzangu wanasema ndo mana haya mambo ni kupoteza hela. Tumekosea wapi? Rampu yenyewe ina urefu wa mita 2.

Kaka katibu asante, na kwanza niseme mmefanya jambo jema, wengi hata hapo hawafiki. Ila hiyo namba uliyoiweka mwisho ndo jibu lenyewe. Ngazi tatu za kawaida, tuseme kila moja sentimita 15, ni sentimita 45 kutoka chini mpaka kizingitini. Kipimo kinachotumika sana, na Marekani wamekiandika kwenye viwango vya sheria yao ya watu wenye ulemavu ya 1990, ni moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja unayopanda unahitaji angalau sentimita 12 za kwenda mbele. Zidisha 45 kwa 12 unapata 540. Mita 5.4 hizo, ninyi mna 2. Kwenye mteremko wa hivyo mtu anayejisukuma kwa mikono yake hapandi, magurudumu ya mbele yananyanyuka anahisi anaenda chali, kwaiyo inabidi watu wawili wamsukume, na kushuka ndo balaa zaidi. Mtu mzima katoka kwake kuja kucheza, kaanza kwa kubebwa mbele za watu. Hapo kurudi ni kazi.

Kama mbele ya jengo hamna nafasi ya mita 5.4, rampu inaweza kukata kona, ila pale kwenye kona pawe tambarare ya kama mita moja na nusu mtu apumzike na ageuze kiti. Wekeni vishikio pande zote mbili na ukingo mdogo pembeni ili gurudumu lisichomoke. Na tafadhali msiweke vigae vya kung'aa, mvua ikinyesha panateleza kama pamepakwa sabuni, sakafu ya saruji iliyokwaruzwa inatosha kabisa.

Sasa na mimi nikuulize. Pale juu ya rampu pana tambarare, au mlango unaanzia hapo hapo kwenye mteremko? Mlango unavutwa kwa nje? Mana mtu hawezi kuzuia kiti kisirudi nyuma na wakati huo huo avute mlango mzito. Ukifunguka unaacha uwazi kiasi gani (pima uwazi wenyewe, usipime ubao wa mlango), ukiwa chini ya sentimita 81 viti vingi vinakwama. Meza ya kulipia kiingilio ina kimo gani, mtu aliyekaa anaonana na karani au anaongea na ubao?

Na choo. Hapa kaka nisikilize vizuri. Kuna ukumbi mmoja nilienda, nikaambiwa choo cha walemavu kipo, na kweli kipo, mlango una ile alama ya kiti. Kufungua nakuta ndoo mbili za deki, mifagio, makopo ya rangi, wavu wa voliboli umekunjwa umetupwa juu ya sinki, na choo chenyewe kiko nyuma kabisa ukutani. Mlinzi akaanza kutoa kimoja kimoja haraka haraka huku ananiomba radhi, jasho linamtoka, na mimi nipo pale koridoni nimejibana watu wanapita wananiangalia. Siku hiyo sikucheza, niliondoka. Rampu ya jengo lile ilikuwa nzuri sana.

Kwaiyo choo kiwe tupu muda wote, kiwe na nafasi ya kugeuza kiti (duara la mita 1.5), vishikio vya chuma vilivyofungwa imara ukutani vinavyobeba uzito wa mtu, na mlango ufungukie nje, kwasababu mtu akianguka ndani na mlango unafungukia ndani mwili wake ndo unauziba na hamtaweza kumfikia. Kuanzia anaposhuka kwenye gari mpaka anapooga baada ya mechi, ikikatika sehemu moja tu safari yote imeishia hapo.

Fanya hivi: watafute wale wanne. Waombe waje siku ukumbi hauna watu, wapite mlango hadi mlango, wewe nyuma yao na futi kamba na daftari, usibishane, andika tu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na muda wao mlipie kama mnavyomlipa fundi, mana hiyo ni kazi. Mkimaliza hapo ndo mrudi kwenye kamati mkaongelee hela, na nakuhakikishia nusu ya mtakayoyaandika hayatahitaji hela, ni kuhamisha ndoo.

Habari za kazi dada. Binti yangu ana miaka 13, haoni kabisa. Shuleni kwao wanacheza golboli na anaipenda mno, likizo nzima anaizungumzia. Nimeenda ukumbi wa michezo wa karibu, meneja ananiambia jengo lao halikujengwa kwa ajili ya wasioona. Kweli inahitaji jengo maalumu?

Hapana mama, haihitaji. Uwanja wa golboli ni mita 18 kwa 9, sawasawa na wa voliboli, kwaiyo ukumbi wowote wenye voliboli umeshafika nusu ya njia. Kinachoongezwa ni mistari ya kushikika: unatandika kamba nyembamba sakafuni alafu unaifunika na utepe, wachezaji wanapapasa kwa vidole au kwa mguu wanajua wako wapi. Mpira una kengele ndani, kila timu ina wachezaji 3, wote wanafunikwa macho hata anayeona kidogo, na goli linachukua upana wote wa mita 9. Mchezo huu ulianza 1946 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani, na toka 1976 uko kwenye Paralimpiki, ile michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu, kwaiyo huyo meneja haombwi kitu kipya.

Kitu kimoja ambacho ni lazima ni ukimya. Mwanao anacheza kwa masikio, kama chumba cha pili wanafungulia muziki wa mazoezi au kuna feni kubwa inaunguruma mpira hausikiki. Muombe meneja saa moja tu kwa wiki ambayo muziki unazimwa.

Ila mama, nenda naye ukapite njia yote kutoka getini mpaka ukumbini ukiwa umeangalia kuta. Fimbo nyeupe inagusa chini, kitu kilichotokeza ukutani kwa kimo cha kifua haikipati: mtungi wa kuzimia moto, kabati la vikombe vya ushindi, upande wa chini wa ngazi pale mtu anapopita anagonga kichwa. Kanuni wanayofuata wajenzi wa Marekani ni kwamba kitu kinachoanzia juu ya sentimita 68 kutoka sakafuni kisitokeze zaidi ya sentimita 10 njiani. Ambacho hakiwezi kuhamishwa kiwekewe boksi zito au kizuizi chini yake ili fimbo ikikute kwanza.

Na wakikwambia wataweka vile vigae vyenye alama za kukanyagwa, simamia viwekwe sawa. Vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, vikawekwa barabarani mara ya kwanza 1967 mjini Okayama karibu na shule ya wasioona, na maana yake ni lugha kamili: mistari mirefu ni endelea, vidoti ni simama uangalie hapa. Fundi akivipanga kama pambo, mtoto anafata mistari anaishia kwenye nguzo.

Mwanangu, mimi nina miaka 67, mguu mmoja ulikatwa, natumia kiti mwendo. Mpira naupenda toka utotoni. Uwanjani tunawekwa wote chini karibu na kibendera cha kona, mke wangu anaambiwa akakae jukwaani peke yake. Watu wakisimama mbele mimi naona migongo. Mechi ya mwisho goli la ushindi nimelijua kwa kelele. Hivi hii ni sawa au mimi ndo nadai makubwa?

Mzee wangu shikamoo. Hudai makubwa hata kidogo, hiyo ya goli kulijua kwa kelele imeniuma. Umelipa kiingilio uone mpira.

Nikupe ya kwenda nayo ofisini kwao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 30, unazitaka nchi zihakikishe watu wenye ulemavu wanafika kwenye maeneo ya michezo. Kufika maana yake ushiriki, na mtazamaji anashiriki kwa macho. Kwa upande wa vipimo, viwango vya Marekani vinataka kila nafasi ya kiti mwendo iwe na kiti cha mwenzako pembeni yake, bega kwa bega, nafasi zenyewe zitawanywe sehemu tofauti za uwanja msirundikwe kona moja, na pale ambapo watu huwa wanasimama, wewe uliyekaa uone kwa juu ya vichwa vya waliosimama mbele yako. Uwanja wa viti 10,000 unatakiwa uwe na nafasi 61 za namna hiyo. Muulize meneja wa uwanja wenu, yeye anazo ngapi.

Najua hawatavunja jukwaa wiki ijayo. Lakini wanaweza kunyanyua sehemu moja kwa mbao au chuma na rampu yake, wafunge kamba mbele asisimame mtu, na waweke viti viwili vitatu vya kawaida hapo hapo ili mama akae na wewe. Hilo la mama walitekeleze mechi inayofata, ni kubeba kiti tu.

Mimi ni kiziwi, nacheza mpira wa meza. Mwezi uliopita king'ora cha moto kililia, tulikuwa viziwi watatu bafuni tunaoga, hakuna aliyetuambia, tumetoka tunakuta jengo tupu. Tufanyeje?

Hili halisubiri mwakani. King'ora kiwe na taa ya kumwekamweka, na taa iwepo mpaka chooni na bafuni, mana huko ndiko mtu anakuwa peke yake. Mpaka zifungwe, awepo mfanyakazi mmoja ambaye kazi yake siku ya dharura ni kukagua vyumba kwa macho, jina lake libandikwe ukutani. Waombeni pia kila linalotangazwa kwa spika liandikwe kwenye skrini au ubao. Mashindano ya dunia ya viziwi yalianza Paris mwaka 1924, miaka zaidi ya 100, kwaiyo viziwi kwenye jengo la michezo sio wageni. Nendeni wote watatu na barua, mbaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Sisi ni timu ya kikapu ya viti mwendo. Tuliomba saa mbili kwa wiki, meneja katunyima ukumbi, anasema viti vinaharibu sakafu ya mbao, na kwamba itabidi goli lishushwe. Tumjibu nini?

Goli ni lile lile, mita 3.05, na uwanja ni ule ule wa 28 kwa 15. Hakuna kinachoshushwa. Kuhusu sakafu, fungeni matairi yasiyoacha alama, yale ya kijivu, na mkague vyuma vya chini pale miguuni visiwe na ncha. Mwambieni mko tayari kufuta sakafu wenyewe baada ya mazoezi, hapo hoja yake imeisha.

Ila kuna mawili ambayo yeye hajayawaza na nyie msisahau kuyasema. Kiti cha mchezo magurudumu yake yamelala kwa pembeni, chini ni kipana kuliko kiti cha kila siku, kwaiyo mlango ambao kiti cha kawaida kinapita, cha mchezo kinaweza kukwama. Mlango wa kuingilia uwanjani uwe na uwazi wa kama mita moja au uwe wa mabawa mawili yanayofunguka yote. La pili, mkihamia kwenye viti vya mchezo vile vya kila siku vinabaki wapi? Vikiachwa koridoni vinaziba njia, na kuna mtu atavisogeza, alafu mechi imeisha umekaa hapo huna miguu. Ombeni chumba chenye kufuli karibu na uwanja.

Mwaka 1948 pale Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alianza na wanajeshi 16 waliojeruhiwa wakishindana kurusha mishale kwenye viwanja vya hospitali, na mwaka 1960 Roma ikapokea michezo ambayo leo tunaiita Paralimpiki ya kwanza. Ninyi timu nzima mnaomba saa mbili kwa wiki. Msipeleke barua peke yake, chukueni kiti kimoja cha mchezo mwende nacho, mkipitishe mlangoni mbele yake, mumpe futi kamba apime yeye mwenyewe. Alafu mwambieni akae ndani yake arushe mpira mmoja kwenye lile goli.