Edikti ya bunge la jimbo si arete ya gavana

Kuna andiko linalodai kuwa gavana wa Haut-Katanga, jimbo la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anaweza kutunga sheria ya jimbo kwa saini yake peke yake. Hapana, ndugu. Hawezi, kwa sababu kifungu cha 197 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kimelipatia bunge la jimbo mamlaka hayo, nalo huyatumia kwa kupigia kura edikti, yaani sheria ya jimbo. Gavana huitangaza edikti hiyo baada ya kura, na arete, yaani maagizo ya gavana, anazotia saini katika jambo hilo ni za kuitekeleza, si za kushika nafasi yake. Ndiyo maana kila mama wa soko hapa Lubumbashi anayedaiwa tozo mpya ana haki ya kuuliza imetoka katika edikti gani. Tena orodha ya kodi na tozo ambazo majimbo yanaruhusiwa kutoza imewekwa na agizo-sheria (agizo la rais lenye nguvu ya sheria) nambari 18/004 la tarehe 13 Machi 2018, na jambo hili naliona zito kuliko mengine yote yaliyosemwa hapa.

Angalizo moja: edikti nayo ina mpaka wake, kwani katika mambo ambayo taifa na jimbo wanashirikiana mamlaka, kifungu cha 205 kinaiweka sheria ya taifa mbele. Komine, yaani manispaa ndani ya jiji, kama Kampemba au Katuba za Lubumbashi, zina utaratibu wao, unaotokana na sheria nambari 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008, ambapo baraza la komine ndilo linalojadili na kuamua.