Panya asiye na CD81 amekwambia nini khasa?

Wa alaykum salaam, mdogo wangu wa Tunguu. Umeuliza: panya waliofutwa jeni ya CD81 hawaambukizwi na Plasmodium yoelii, kimelea cha malaria ya panya, lakini mwenzake P. berghei anawaingia vilevile. Basi protini hii ya juu ya seli ndiyo mlango wa malaria au siyo?

Matokeo yote mawili ni sahihi. Utafiti wa 2003 ulionesha pia kwamba P. falciparum, kimelea cha malaria ya binadamu, hii inayotusumbua Unguja na Pemba, yahitaji CD81 kwenye seli za ini za binadamu. Berghei ana njia nyengine: katika seli za HepG2, seli za saratani ya ini zinazofugwa maabara zisizo na CD81, hupitia SR-B1, protini nyengine ya juu ya seli. Panya hujibu kwa kimelea ulichomtia tu. Tena amekwambia CD81 inahitajika. Hajakwambia kwamba kimelea kinaishika.

Ukilirudia jaribio, usilinganishe na panya wa kawaida walionunuliwa kwengine. Oanisha wazazi wenye nakala moja nzima na moja iliyofutwa. Robo ya watoto hutoka bila CD81, robo wazima. Ndugu wa tumbo moja, kizimba kimoja. Ukioanisha waliofutwa wenyewe kwa wenyewe utakwama, kwani majike wasio na CD81 hushika mimba kwa shida. Na joto la kaskazi likiingia chumbani umeme ukikatika, hata majike wazima huacha kuzaa. Chumba kikae nyuzi 20 hadi 24.

Kata milimita 2 za ncha ya mkia, loweka kwenye protinezi K, kimeng'enya cha kuyeyusha protini, usiku kucha kwa nyuzi 55, kisha PCR, yaani kunakili DNA, ya praima (vipande vya kuanzishia nakala) tatu. Hapa wengi hukosea: kipande kifupi hunakiliwa upesi kikakimeza kirefu, na kifupi kikiwa cha nakala iliyofutwa, panya mwenye nakala moja akasomeka kama hana kabisa. Weka sampuli ya mzazi kila safari.

Thibitisha na protini yenyewe, kwa kingamwili na saitomita, mashine ya kupima seli moja moja, kwenye seli B (seli za kinga) za bandama. Utaona CD19, protini nyengine ya seli B, nayo imepungua, maana hutegemea CD81 kufika juu ya seli. Kwa hivyo ukipima kinga, usiitupie CD81 peke yake lawama.

Sporozoiti, yaani vimelea katika hatua ya kuambukiza, zitolewe kwenye tezi za mate za mbu, zikae kwenye barafu, zidungwe siku hiyohiyo kwenye mshipa wa mkia. Soma damu kwa rangi ya Giemsa kwenye hadubini siku ya 3 hadi ya 14. Kundi jengine, la waliofutwa na wazima, lidunge chembe nyekundu zenye yoelii tayari: wakiugua sawasawa, kizuizi kipo ini.